Kaboni ya Kale katika Mito ya Kaskazini

Kisima kisicho na maji

Mwaka 1828 Fyodor Shergin, msimamizi wa ofisi ya kampuni moja ya biashara katika mji wa Yakutsk huko Siberia, aliwaajiri watu wamchimbie kisima. Mji huo uko kando ya mto Lena, lakini wakati wa baridi mto wenyewe huganda, na Shergin alitaka maji karibu na nyumba yake. Wachimbaji walikuta udongo mgumu kama jiwe, uliogandishwa na baridi. Walidhani kwamba wakishuka kidogo wangeupita. Haikuwa hivyo. Kazi iliendelea hadi mwaka 1837, kisima kikafika kina cha mita 116 hivi, na huko chini nako udongo ulikuwa umeganda vilevile. Kuanzia mwaka 1844 mwanasayansi Alexander von Middendorff alipima joto ndani ya shimo lile, akaona kwamba hata chini kabisa halikufika nyuzi 0 za Sentigredi, ingawa lilipanda kidogo kidogo kadiri alivyoteremka. Kisima cha Shergin hakikumnywesha mtu yeyote, ila kiliwapa wataalamu baadhi ya vipimo vya kwanza vya kuaminika kuhusu ardhi iliyoganda na kina chake.

Leo ardhi hiyo inapata joto, na sehemu zake nyingi zimeanza kulainika. Habari zake ni nyingi: nyumba zinazopinda, barabara zinazodidimia, mabomba yanayopasuka. Makala haya hayatazishughulikia zote. Tutafuata kitu kimoja tu, nacho ni kaboni iliyohifadhiwa ndani ya udongo huo, tangu inapotoka udongoni mpaka inapoingia mtoni na kuelekea baharini. Njiani tutajaribu kujibu swali lililowatatiza watafiti kwa miaka mingi: ikiwa kaboni ya kale inatiririka katika mito ya kaskazini, mbona wale waliochota maji karibu na midomo ya mito hiyo waliiona kidogo sana katika maji?

Kuganda na kuganduka

Ardhi iliyoganda, kwa maana ya wataalamu, ni ardhi yoyote, iwe udongo, mchanga au mwamba, ambayo joto lake hukaa kwenye nyuzi 0 za Sentigredi au chini yake kwa muda usiopungua miaka miwili mfululizo. Msomaji aangalie kwamba maana hii haitaji barafu. Mwamba mkavu usio na tone la maji huhesabiwa kuwa umeganda, madhali una baridi ya kiasi hicho. Warusi huiita ardhi hii mgando wa milele. Mwaka 1943 mwanajiolojia Siemon Muller wa Marekani alibuni jina la pamafrosti kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la udumifu na moja la baridi. Majina yote mawili yanaahidi umilele ambao ardhi yenyewe haina.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko nyingine nyingi, kwa sababu tuna kitenzi kuganda na kinyume chake, kuganduka. Barafu huyeyuka, ardhi huganduka. Nyama iliyotolewa katika friji haiyeyuki ikawa maji. Barafu iliyomo ndani yake ndiyo iyeyukayo, na nyama hubaki nyama, ila sasa ni laini na inaweza kuoza. Sukari nayo, ambayo nyumbani tunasema imeyeyuka katika chai, kwa kweli imemumunyika. Walimu wa sayansi watafanya vyema wakiyatenganisha mambo haya matatu mbele ya wanafunzi, maana yote matatu yatatokea katika makala haya, na anayeyachanganya hatafika mbali.

Juu ya ardhi iliyoganda kuna tabaka jembamba ambalo huganduka kila mwaka katika majira ya joto na kuganda tena baridi inaporudi. Unene wake ni kati ya makumi ya sentimita na mita chache. Mimea huotesha mizizi yake katika tabaka hilo, na maji ya mvua hupita humo humo, kwa kuwa chini yake yanakutana na sakafu ya barafu.

Ghala la kaboni

Eneo lenye ardhi ya namna hii linachukua karibu robo ya nchi kavu ya nusu ya kaskazini ya dunia, ingawa ndani ya eneo hilo si kila kipande kilichoganda. Sehemu kubwa iko Urusi, Kanada na Alaska. Nyingine ziko Greenland, Mongolia na uwanda wa juu wa Tibet. Siberia kuna mahali ambapo mgando umeshuka karibu mita 1,500.

Kaboni ilifikaje humo? Mimea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru, ikichukua hewa ya kabonidayoksaidi na kuijenga kuwa majani, mashina na mizizi. Mimea inapokufa, bakteria na kuvu huila na kuirudisha kaboni hewani. Katika nchi zetu za joto kazi hiyo huchukua miezi, au mwaka mmoja au miwili. Katika nchi za baridi huenda polepole sana, na mabaki yakifunikwa na udongo mpya kabla hayajaoza, mgando hupanda na kuyakamata. Hali hiyo ilitokea kwa kiwango kikubwa katika enzi ya barafu iliyopita, pepo zilipokuwa zikimwaga vumbi jingi juu ya mbuga za Siberia na Alaska. Mwaka hadi mwaka vumbi lilifunika nyasi, mizizi na samadi ya wanyama wakubwa kama mamothi, na yote yakaganda. Udongo uliojengeka hivyo huitwa yedoma, neno la Kirusi. Unene wake hufika makumi ya mita, na katika sehemu nyingi barafu ni zaidi ya nusu ya ujazo wake. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, aliwahi kuonyeshwa bonge la udongo wa aina hiyo likiganduka juu ya meza ya maabara. Baada ya saa chache chumba kizima kilinuka kama zizi la ng'ombe baada ya mvua. Harufu ile ilikuwa kazi ya bakteria, waliokuwa wakiendelea na chakula kilichowekwa akibani kabla hakujakuwa na mji wowote duniani.

Makadirio ya sasa yanasema ardhi ya eneo hilo ina kaboni ya viumbehai kiasi cha tani bilioni 1,460 hadi 1,600. Kiasi hicho kinakaribia mara mbili ya kaboni yote iliyomo katika hewa ya dunia.

Ghala hilo linapata joto. Tangu mwaka 1979 nchi za Aktiki zimepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya kasi ya wastani wa dunia. Tarehe 20 Juni 2020 mji wa Verkhoyansk huko Yakutia, ambao ni maarufu kwa baridi yake, ulifikia nyuzi 38. Hayo ni joto la hewa. Ndani ya ardhi mabadiliko ni ya polepole zaidi, lakini vipimo vya mashimo mengi yaliyochimbwa sehemu mbalimbali za dunia vilionyesha kwamba kati ya mwaka 2007 na 2016 joto la ardhi iliyoganda lilipanda kwa wastani wa nyuzi 0.29. Mwanafunzi asiidharau tarakimu hiyo. Ardhi iliyokuwa kwenye nyuzi 0.2 chini ya sifuri inaweza kuvuka mpaka kwa badiliko dogo kuliko hilo.

Njia mbili za kuingia mtoni

Kaboni huingia mtoni kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza ni ya utulivu. Tabaka linaloganduka kila mwaka huzidi kuwa nene, maji ya mvua na ya theluji hushuka zaidi, na yanapopita katika mabaki ya mimea huchukua kaboni kama maji moto yanavyochukua rangi na ladha ya majani ya chai. Kaboni hiyo imemumunyika. Ukiyapitisha maji katika kichujio chenye matundu madogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, kaboni hupita pamoja nayo. Mtu angetarajia kwamba tabaka likizidi unene, chai nayo itazidi ukali. Si lazima. Chini ya tabaka la mboji mara nyingi kuna udongo wa madini, na chembe za madini huikamata kaboni iliyomumunyika na kuizuia. Mwaka 2005 Robert Striegl na wenzake walitangaza kwamba katika mto Yukon, ukilinganisha na wingi wa maji, kaboni iliyomumunyika iliyosafirishwa tangu majira ya joto hadi majira ya kupukutika majani ilikuwa imepungua kati ya miaka ya 1978 hadi 1980 na miaka ya 2001 hadi 2003. Wengi walishangaa, kwani walikuwa wakitazamia kinyume chake.

Njia ya pili ni ya vurugu. Ardhi yenye barafu nyingi ikiganduka, barafu inayoyeyuka huacha nafasi tupu na udongo huporomoka. Mahali palipo na mteremko, ukingo ulioporomoka hubaki wazi mbele ya jua, huganduka zaidi, huporomoka tena, na hivyo kovu husonga nyuma mwaka hadi mwaka. Kovu kubwa kuliko yote yanayojulikana liko karibu na kijiji cha Batagay huko Yakutia. Msitu ulikatwa katika karne iliyopita, udongo ukapoteza kivuli chake, na mfereji mdogo uliokuwa mlimani ukapanuka mpaka ukawa shimo lenye upana wa karibu kilometa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba shimo hilo linaongezeka kwa mita za ujazo milioni 1 hivi kila mwaka, na kwamba kila mwaka linatoa tani 4,000 hadi 5,000 za kaboni ya viumbehai. Tope lake huteremkia mto Batagay, na kutoka hapo hufika mto Yana. Sehemu kubwa ya kaboni inayotoka kwa njia hii haikumumunyika. Ni vipande, yaani chembe za mizizi na mboji zilizoshikamana na udongo, ambazo kichujio huzizuia.

Kuuliza umri wa maji

Bahari ya Aktiki ni ndogo. Ina kiasi cha asilimia 1 tu ya maji ya bahari zote, lakini hupokea zaidi ya asilimia 10 ya maji yote ya mito ya dunia. Mito mikubwa inayohusika ni sita: Ob, Yenisey, Lena na Kolyma katika Urusi, Mackenzie katika Kanada, na Yukon, ambao hupitia Kanada na Alaska na kumwaga maji yake katika bahari ya Bering, jirani ya Aktiki. Kuanzia mwaka 2003 watafiti wa Urusi, Marekani na Kanada walishirikiana kuchota maji ya mito yote sita kwa vyombo vya namna moja na kwa utaratibu mmoja, karibu na midomo yake. Walichota hata katika wiki zile za hatari za mwezi wa Mei na Juni, barafu ya mtoni inapopasuka na mafuriko kushuka. Kabla ya hapo wachache waliothubutu kuchota wakati huo, na kwa sababu hiyo makadirio ya zamani yalikuwa madogo mno, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni iliyomumunyika hupita katika wiki hizo chache. Hesabu iliyotolewa mwaka 2012 ilisema kwamba mito yote iingiayo Aktiki hupeleka kaboni iliyomumunyika tani milioni 34 hivi kwa mwaka. Vipande ni tani milioni 6 hivi.

Kujua wingi hakutoshi. Kaboni inayotoka katika majani yaliyoanguka mwaka jana ni sehemu ya mzunguko wa kawaida: mti uliitoa hewani juzi, mto ukiirudisha leo hakuna kilichoongezeka. Kaboni iliyokaa udongoni miaka 20,000 ni habari nyingine, maana ikirudi hewani ni nyongeza. Kwa hiyo lazima tuiulize kaboni umri wake.

Hilo hufanywa kwa isotopu iitwayo kaboni-14, kwa njia iliyomletea Willard Libby Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Kiumbe akiwa hai huwa na kaboni-14 kwa kiwango kinacholingana na cha hewa. Akifa, hapokei nyingine, na ile aliyo nayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Baada ya miaka 11,460 imebaki robo, baada ya miaka 17,190 imebaki sehemu moja ya nane, na karibu miaka 23,000 ikipita imebaki sehemu moja ya kumi na sita.

Majibu ya mito yalikuwa na sura mbili. Vipande vilikuwa vya kale: katika mto Mackenzie, kwa mfano, umri wake wa wastani ulipatikana kuwa miaka 5,800 hivi. Lakini kaboni iliyomumunyika, ambayo ndiyo iliyo nyingi, ilikuwa changa. Ile ya mafuriko ya majira ya kuchipua ilikuwa kwa sehemu kubwa haijatimiza hata miaka 20. Wapo waliopumua kwa faraja na kusema kwamba ghala bado limefungwa.

Faraja hiyo ilikuja mapema mno, na mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuonyesha sababu yake kwa hesabu. Tuseme kaboni iliyomumunyika katika ndoo moja ya maji ina sehemu 10: sehemu 9 zimetoka katika majani mapya, na sehemu 1 imetoka katika udongo wa kale ambao kaboni-14 yake imekwisha kabisa. Mchanganyiko huo una asilimia 90 ya kaboni-14 ya kawaida. Umri unaoonekana hupatikana kwa kuzidisha 8,267 kwa logi asilia ya 1 gawanya kwa 0.90, nao ni miaka 871. Sehemu ya kumi nzima ya ndoo ni ya enzi ya barafu, lakini ndoo yenyewe inajitangaza kuwa na umri usiofika miaka 900!

Kuna na jambo la pili. Majaribio ya silaha za nyuklia yaliyofanywa angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni-14 katika hewa, hata kufikia mwaka 1963 ilikuwa imekaribia mara mbili ya kawaida katika nusu ya kaskazini ya dunia. Baadaye ilipungua hatua kwa hatua, lakini majani ya miaka ya 1990 bado yalikuwa na kiasi cha asilimia 110 ya kawaida. Tuyatumie majani hayo katika ndoo yetu. Sehemu 9 zenye asilimia 110 na sehemu 1 isiyo na kitu zinatoa wastani wa asilimia 99, na umri unaoonekana unashuka hadi miaka 83. Sasa tuseme kwamba kabla ndoo haijachotwa, nusu ya ile sehemu ya kale iliondolewa majini. Zimebaki sehemu 9 na nusu, na wastani wake ni asilimia 104. Ndoo haina umri wowote wa kusoma. Kaboni ya kale ingalimo, lakini kipimo hakiioni.

Je, kuna kitu kinachoiondoa kaboni ya kale majini kabla haijafika mdomoni mwa mto?

Wenye njaa wa vijito vya juu

Kando ya mto Kolyma, karibu na mji wa Chersky, kuna ukingo mrefu wa yedoma uitwao Duvanny Yar, ambao huganduka na kubomoka kila majira ya joto. Chini yake hutiririka vijito vya tope. Jorien Vonk, mtafiti kutoka Uholanzi, pamoja na wenzake walichota maji ya vijito hivyo na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Kaboni iliyomumunyika humo ilikuwa nyingi sana, na umri wake ulizidi miaka 20,000. Waliyaweka maji hayo gizani, yenye oksijeni ya kutosha, wakasubiri. Baada ya siku 14 theluthi moja ya kaboni, yaani asilimia 34, ilikuwa imetoweka. Bakteria walikuwa wameila na kuitoa kama kabonidayoksaidi.

Matokeo hayo yalipindua fikira iliyokuwa imezoeleka. Kwa kawaida tunafikiri kwamba kitu kilichokaa sana kimebaki kwa kuwa hakiliki, kama mfupa uliobaki baada ya nyama kwisha. Lakini kaboni ya yedoma haikubaki kwa ugumu wake. Ilibaki kwa sababu mlango wa friji ulikuwa umefungwa. Mwaka 2015 Travis Drake na wenzake walionyesha kisa cha ndani zaidi kwa udongo wa Alaska wenye umri wa miaka 35,000 hivi: maji yake yalikuwa na asidi nyepesi nyingi, ikiwemo asidi ya siki, ambazo ni chakula rahisi kwa bakteria. Karibu nusu ya kaboni iliyomumunyika ilikwisha ndani ya saa 200.

Tulinganishe muda huo na safari. Maji yanayotoka katika kijito cha juu hupitia vijito vikubwa zaidi, maziwa na mabonde, na huchukua wiki nyingi kabla hayajafika mdomoni mwa mto mkubwa. Bakteria wanahitaji siku chache tu. Mwaka huo huo wa 2015 Paul Mann na wenzake walifuata maji ya bonde la Kolyma kutoka vijito hadi mto mkuu, wakaonyesha kwamba kaboni ya kale huliwa zaidi huko juu, kwenye vijito. Hilo ndilo jibu la swali letu. Kutoonekana kwa kaboni ya kale mdomoni mwa mto hakuthibitishi kwamba haikutoka udongoni. Huenda ilitoka, ikaliwa, ikapanda hewani, na aliyesimama na ndoo yake kilometa mia kadhaa huko chini amechota kilichobaki mezani.

Bakteria hawako peke yao. Utafiti wa Rose Cory na wenzake katika Alaska, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba katika maziwa na mito ya huko mwanga wa jua hufanya kazi kubwa kuliko bakteria katika kuibadili kaboni iliyomo majini: asilimia 70 hadi 95 ya mabadiliko yote. Jua lisilotua usiku wa majira ya joto huvunjavunja molekuli kubwa, nyingine zikageuka moja kwa moja kuwa kabonidayoksaidi na nyingine zikawa vipande vinavyolika kwa urahisi. Tena mahali palipokosa oksijeni, kama chini ya madimbwi, bakteria wa namna nyingine hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto takriban mara 28 kuliko uzito uo huo wa kabonidayoksaidi.

Kinachozama

Itakuwa dhuluma kuueleza upande mmoja tu. Vile vipande vilivyozuiwa na kichujio havina desturi ya kaboni iliyomumunyika. Vingi vimeshikamana na chembe za udongo, na bakteria huvipata kwa shida. Vinaposafiri kwa kasi na kuzama mdomoni mwa mto au baharini, hufunikwa na matope mapya na kulala tena kwa maelfu ya miaka. Robert Hilton na wenzake walieleza mwaka 2015 kwamba mto Mackenzie hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa: huichukua kaboni nchi kavu na kuizika baharini. Katika hali hiyo mto hauifungui akiba. Unaihamisha tu kutoka kaburi moja hadi jingine.

Kwa hiyo anayesema kwamba kaboni yote inayoingia mtoni itapanda hewani amekosea, na anayesema kwamba mito itaizika yote amekosea pia. Mambo hutegemea udongo wenyewe, mteremko, wingi wa barafu, na kama kaboni imetoka ikiwa imemumunyika au ikiwa vipande. Kwa maoni ya mwandishi, udhaifu mkubwa wa elimu yetu ya sasa uko kwenye vijito vidogo. Ni maelfu kwa maelfu, vingi havina majina, na vinavyopimwa ni vichache mno.

Kuhusu uzito wa jambo lenyewe, taarifa ya mwaka 2021 ya jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi ilikadiria kwamba kwa kila nyuzi 1 ya kuongezeka kwa joto la dunia, ardhi iliyoganda itatoa tani bilioni 18 za kaboni katika umbo la kabonidayoksaidi ifikapo mwaka 2100. Lakini ilitaja kwamba jibu linaweza kuwa popote kati ya bilioni 3 na bilioni 41. Kwa kulinganisha, binadamu kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa zaidi ya tani bilioni 10 za kaboni kila mwaka. Ardhi iliyoganda basi si mkosaji mkuu. Inatutia wasiwasi kwa sababu haipokei amri: kiwanda kinaweza kufungwa, lakini bakteria wa Kolyma hawana wa kuwaambia waache. Mapana ya makadirio hayo yanaonyesha pia jinsi vipimo vilivyo vichache. Mito minne kati ile sita iko Urusi, na baada ya vita vya Ukraine kupamba moto mwezi wa Februari 2022 ushirikiano mwingi wa kisayansi kati ya Urusi na nchi za Magharibi ulisimamishwa. Vipimo vya pamoja, vilivyochukua miaka 20 kujengwa, vilivurugika wakati ule ule vilipokuwa vinahitajiwa zaidi.

Jaribio la darasani

Jambo hili linaweza kuonyeshwa bila kwenda Siberia. Mwalimu achukue nyasi mbichi zilizokatwakatwa na udongo mweusi wa bustani, aviloweke katika maji usiku kucha, kisha achuje kwa kitambaa safi. Maji yatakayotoka yatakuwa na rangi ya chai hafifu, nayo ni mfano wetu wa kijito cha yedoma. Ayagawe katika chupa tatu, kila moja nusu, na kila chupa aitie kijiko kimoja cha sukari badala ya zile asidi nyepesi. Chupa ya tatu ichemshwe kwanza ndani ya sufuria ya maji kwa dakika 20 na kuachwa ipoe ikiwa imefunikwa, ili bakteria wake wengi wafe. Kila chupa izibwe kwa kizibo chenye mrija mwembamba, na ncha ya mrija izamishwe katika gilasi ya maji ya chokaa yaliyo maangavu. Kizibo kisibane pasipo mrija, maana gesi ikikosa njia chupa itapasuka.

Chupa ya kwanza na ya tatu zikae mezani. Ya pili, pamoja na gilasi yake, ikae ndani ya friji, au shule isipokuwa na friji, katika sanduku la barafu kama lile la wauza samaki, barafu ikiongezwa asubuhi na jioni. Ndani ya siku mbili au tatu maji ya chokaa ya chupa ya kwanza yataanza kugeuka meupe kama maziwa kwa sababu ya kabonidayoksaidi. Ya chupa ya pili yatachelewa sana. Ya chupa ya tatu yatabaki maangavu kwa muda, kisha pengine nayo yatabadilika, kwa kuwa kuna vijimbegu vya bakteria vinavyostahimili maji ya moto. Siku ya nne mwalimu aitoe chupa ya pili katika baridi, aiweke mezani kando ya zile nyingine, na wanafunzi waandike kila baada ya saa sita maji yake ya chokaa yana rangi gani, na yalichukua muda gani kuifikia chupa ya kwanza.